Nilimpeleka Mama kulala juu ya mti Kibale, akaniambia hili ni dungu

Mama alisimama chini ya ngazi, akashika ubao wa kwanza, akaangalia juu, akaniangalia mimi, akaangalia tena juu, halafu akasema, "Adyeri, pesa zote hizo umelipa tuje kulala kwenye dungu?"

Kijana aliyebeba begi letu hakuelewa. Mimi nilielewa kabisa na tangu siku hiyo hilo neno halijanitoka kichwani, ndo maana leo nimekaa niandike hii safari yote, manake watu wengi wameniuliza kuhusu zile picha nilizoweka status na kila mmoja nilikuwa namjibu kipande kipande.

Kwa mliokulia mjini, dungu (wengine wanaita ulingo) ni kile kichanja cha miti kinachojengwa shambani juu ya nguzo au kwenye panda la mti, mahindi yakianza kubeba watu wanapanda kule kulinda, mchana wanafukuza ndege na nyani, usiku nguruwe mwitu na tembo. Mama amezaliwa kijiji kinachopakana na msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, upande wa kuelekea Kamwenge, miaka ya hamsini mwishoni, na sehemu kubwa ya utoto wake ameipitishia huko juu, yeye na mdogo wake wa kiume, wana debe moja la kupiga na rundo la mawe. Baadaye akaolewa na mwanajeshi ambaye ni marehemu baba yetu, wakahamia kambini Jinja, sisi tukazaliwa huko tukakua na Kiswahili cha kambini, mpaka leo nyumbani kwetu ni Kiswahili, Kitooro kinatoka Mama akiwa anasali au amekasirika sana.

Sasa mimi hizi nyumba za juu ya miti nilianza kuziona mtandaoni kama miaka miwili iliyopita, watu wamekaa kwenye veranda na kahawa, msitu uko chini yao, nikawa nasave picha tu. Halafu siku moja ofisini alikuja mgeni kutoka Uholanzi akanieleza habari za sokwe wa Kibale kwa saa nzima, ameenda mara tatu, na mimi mwenye nchi, mama yangu mzazi katoka pale pale, sijawahi kulala ndani ya hifadhi hata usiku mmoja. Iliniuma jamani. Sio wivu, iliniuma tu. Jioni hiyo hiyo nikaanza kuweka pesa pembeni kila mwezi.

Kwenye kubuku kuna jambo lilinikwaza na nitalisema ila jina la sehemu siliandiki. Loji ya kwanza niliyopiga simu, dada aliyepokea alipoisikia lafudhi yangu akaniuliza naulizia kwa niaba ya kampuni gani ya utalii. Nikamwambia ni mimi na mama yangu. Akaniuliza tena, wageni ni wa nchi gani? Nikamwambia wageni ndo sisi, Waganda. Akanyamaza kidogo kisha akanitajia bei kwa dola, ile ile ya mtu anayetoka ng'ambo, nilipouliza bei ya wakazi akasema atanipigia, na hakupiga mpaka leo. Sehemu ya pili waliniuliza tu nakuja lini na Mama anakula nini, wakanitumia bei ya wakazi wa Afrika Mashariki kwa shilingi bila mimi kuomba. Kwa hiyo ukipiga simu uliza moja kwa moja, bei ya wakazi ipo sehemu nyingi sana ila wengine hawaitaji mpaka uikamate mkononi, na hata ada za hifadhi zenyewe raia wa Afrika Mashariki analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje. Beba kitambulisho.

Safari yenyewe sio ya kuandikia sana. Kampala mpaka Fort Portal ni kama kilomita 300, lami yote, Mityana, Mubende, Kyenjojo, unanunua gonja (ndizi) la kuchoma dirishani, baada ya Kyenjojo mashamba ya chai yanaanza na hewa inabadilika unafunga dirisha. Siku hizi Fort Portal ni jiji, tangu 2020. Pale tukakodi gari dogo la kutupeleka Kanyanchu, ndo wanakoanzia wageni wa sokwe, kama kilomita 35 hivi kwenye barabara ya Kamwenge, na hii barabara inapita katikati ya msitu wenyewe, nyani wamekaa pembeni wanaangalia magari. Mama alikuwa anaongea njia nzima tangu Kampala, tulipoingia chini ya ile miti akanyamaza. Akasema tu, zamani hapa ilikuwa udongo mwekundu na ukisikia gari unakimbia kuliangalia.

Basi nirudi kwenye ngazi.

Alipanda. Taratibu, vidato 32 nilivihesabu, kijana yuko nyuma yake mimi mbele. Mapokezi walikuwa wameshamuuliza empaako yake, wote pale ni Watooro, na kwa wasiojua empaako ni lile jina la heshima na mapenzi ambalo Mtooro na Mnyoro wanapewa, yapo machache tu ya kuchagua, Amooti, Akiiki, Abwooli, Adyeri na mengineyo, na huwezi kumsalimia mtu vizuri bila kulitaja. UNESCO wameiingiza hiyo desturi kwenye orodha yao 2013, ile orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka visipotee. Kwa hiyo Mama kila akipita ni Abwooli, Abwooli, na naona hilo ndo lililompandisha zaidi ya maneno yangu yote.

Nyumba yenyewe ni hivi. Wengi tunafikiri imepigiliwa misumari kwenye mti, hapana, angalau hii yetu uzito wote unabebwa na nguzo za mikaratusi zilizosimamishwa chini, na mti mkubwa unapita katikati ya veranda kwenye tundu walilokata kwenye sakafu. Lile tundu ni pana kuliko shina, unaweza kupitisha mkono ukazunguka. Nikamuuliza fundi wao kwa nini wasibane ili mende wasipite, akaniambia mti unanenepa kila mwaka na upepo ukivuma unayumba, ukiubana na mbao kimoja wapo lazima kivunjike na mara nyingi ni nyumba. Usiku nilikuja kuelewa, mvua ya upepo ilipokuja uliona kabisa shina linacheza polepole ndani ya lile tundu na sisi kitandani tumetulia, yaani nililala na tochi naliangalia.

Ndani kuna vitanda viwili na vyandarua, taa za sola, ukuta mmoja hauna mbao ni wavu tu wa mbu kutoka juu mpaka chini, ndo umeangalia msitu. Choo kipo juu huko huko, hilo niliuliza kabla sijalipa na kama unaenda na mzee na wewe uliza, manake kuna sehemu choo kiko chini na hizo ngazi usiku sio mchezo. Maji ya moto ya kuoga wanapandisha na kindoo saa kumi na mbili jioni. Umeme wa kuchaji simu uko kule wanakopikia tu. Mtandao hamna, ila ukisimama kona ya veranda upande wa kulia, karibu na nguzo, unapata kamstari kamoja ka simu, nilikagundua siku ya pili.

Kuna jirani yangu Kampala aliniambia hizi nyumba za mitini ni mambo ya kizungu yameletwa juzi. Nikawa nimesoma kidogo, hoteli iliyofanya hii biashara ijulikane duniani ni ile Treetops kule Aberdare Kenya, ilijengwa 1932 kwenye mti wa mugumo, na ndo hapo Elizabeth alikuwa amelala usiku wa Februari 1952 baba yake alipofariki Uingereza, akapanda mtini binti wa mfalme na akashuka malkia, ingawa habari yenyewe aliipata baada ya kuondoka pale. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma moto, ile iliyokuja kujengwa tena ni nyingine. Hiyo ndo historia inayoandikwa. Lakini nilipomweleza Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo binti alikuwa analinda nini kule juu. Nikamwambia alikuwa anaangalia tembo wakija kunywa maji. Akasema, "Anawaangalia tu?" Na hilo swali kwa kweli lina uzito kuliko nilivyolijibu.

Usiku wa kwanza walikuja siafu. Nisiwafiche, nilitaka kushuka nirudi Fort Portal usiku ule ule. Kama saa tatu hivi nilisikia kama karatasi inakunjwa kwenye paa la nyasi, nikawasha tochi nikaona msururu unashuka kwenye shina la ule mti wa katikati, mweusi, mnene kama mkono wa mtoto, wanaingia kwa lile lile tundu. Nguzo za chini walikuwa wamezipaka grisi lakini mti wenyewe huwezi kuupaka, wamepata tawi lililogusana na mti mwingine. Mama hata hakupiga kelele, akaniambia vaa viatu, panda kitandani, usiwakanyage, ukiwakanyaga wanatawanyika ndo wanauma. Walinzi walikuja na majivu ya jikoni kwenye debe wakazungushia tundu lote na miguu ya vitanda, msururu ukageuka, ukafuata ukingo wa veranda ukashukia upande wa pili. Ilichukua kama dakika arobaini. Mama akasema wakipita siafu nyumba inakuwa safi, hakuna mende wala panya atakayebaki, kwao siku siafu wakija watu walikuwa wanatoka nje na watoto wanasubiri wamalize kazi yao. Asubuhi meneja alikuja mwenyewe kuomba radhi na lile tawi wakalikata hapo hapo.

Baada ya siafu nani atalala. Tukakaa.

Na hapo ndo nikagundua nimeenda na mtu sahihi, manake mimi nilikuwa nasikia kelele tu na Mama alikuwa anasikia majina. Yule anayelia kama mtoto mchanga ni komba. Huyo mwingine, Mungu wangu, kuna sauti ilianza kama mlango wenye kutu unafunguliwa, kriii, ikarudia, ikapanda, ikapanda, mwisho ikawa mtu anachinjwa kabisa, nikamshika Mama mkono. Akacheka. "Perere huyo." Mnyama mdogo kama sungura, anakaa kwenye mashimo ya miti, na wataalamu wanasema katika ukoo ndugu zake wa karibu ni tembo, ukimuona huwezi kuamini. Mama akasema walipokuwa wadogo kwenye dungu perere akilia mdogo wake alikuwa anajifunika gunia, na yeye kwa kuwa ndo mkubwa ilibidi aendelee kukaa wima na debe kwenye mapaja.

Akanihadithia usiku ambao sijawahi kuusikia miaka yangu yote. Alikuwa na miaka tisa au kumi, mahindi yamebakiza wiki moja kuvunwa. Tembo hawatangulizi kelele, alisema, watu wanafikiri utasikia miguu, husikii miguu, unasikia mahindi yanavunjika, tap, tap, tap, na kabla hujajua ni upande gani harufu imeshafika. Walipiga debe mpaka likapasuka. Baba yao akaja na moto. Tembo mmoja akaja mpaka chini ya dungu akasimama, akaegemea nguzo kidogo kama ng'ombe anavyojikuna, kisha akaondoka zake. Asubuhi shamba lilikuwa limelala chini, na mwaka ule walikula mihogo ya kuomba kwa shangazi yao na Mama hakurudi shule muhula uliofuata. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Nimejua siku zote Mama aliishia darasa la nne, sikuwahi kujua ni tembo.

Kwa hiyo mtu kama huyo ukimwambia msitu ni mzuri anakuwa na maneno yake. Na kuna mengine. Miaka ya sabini watu wengi walihamia ile korido ya wanyama kati ya Kibale na upande wa hifadhi ya Queen Elizabeth wakalima, kina mama yangu wana ndugu waliokuwemo, na 1992 wote wakatolewa, 1993 Kibale ikatangazwa hifadhi ya taifa. Mjomba mmoja wa Mama alitolewa na magunia ya mahindi kichwani. Mimi napenda msitu, nautaka ukae, nimeona kwa macho yangu kilichobaki nje ya mpaka, ni chai na mikaratusi mpaka mlimani. Lakini yule aliyelipa ili uwepo sio mimi niliyelipa loji.

Haya, sokwe. Najua ndo mlichokuja kusoma.

Kibale ina aina 13 za jamii ya nyani, kima na sokwe, ukihesabu na komba wa usiku, na sokwe peke yao wanakadiriwa kama 1,500 ndani ya eneo la karibu kilomita za mraba 800, sehemu moja ya ndani inaitwa Ngogo kulikuwa na kundi moja lililopita sokwe 200 kabla halijagawanyika, kubwa kuliko lolote linalojulikana. Utafiti umeanza pale zamani, kituo cha Kanyawara watu wanafuata kima na mbega tangu 1970. Vibali unakata mapema, mnavaa barakoa kwa sababu mafua yetu yanawaua kabisa, na ukishawapata unapewa saa moja.

Mama nilitaka abaki, magoti. Alikataa. Afande aliyetuongoza, askari wa hifadhi, aliposikia Mama anaongea Kiswahili cha kambini akabadilika kabisa, akaacha Kiingereza na sisi, akamuuliza mzee alikuwa kikosi gani, wakaelewana, akamkatia fimbo na kumtafutia kijana wa kumshika mkono kwenye matope, na akawaambia wale wageni wengine wanne tutatembea mwendo wa Mama. Nawashukuru hao wageni, hakuna aliyenung'unika.

Tulitembea kama saa moja na nusu. Kabla hatujaona sokwe afande alisimama akaonyesha juu na fimbo, "Ile ni nyumba." Kwenye panda la mti, mita kumi na kitu kutoka chini, kulikuwa na matawi yamekunjwa kuelekea ndani, majani bado mabichi. Sokwe anajenga kitanda kipya kila jioni. Dakika chache tu, anakunja matawi makubwa, anayafuma, juu anaweka majani laini, analala, asubuhi anaondoka na kesho anajenga kingine. Mtoto analala na mama yake miaka kama minne mitano ya kwanza na mchana anajizoeza kujenga vidogo vidogo vya kuchezea.

Na hawajengi mti wowote tu. Kule hifadhi ya Toro-Semliki, ukishuka kutoka Fort Portal upande wa pili, watafiti walipima vitanda 1,844 wakachapisha 2014, karibu robo tatu vilikuwa kwenye mti mmoja, muhimbi, wakati huo mti ulikuwa chini ya asilimia kumi ya miti yote iliyopo pale. Muhimbi matawi yake ni magumu, yanakunjika bila kukatika. Yaani sokwe anajua mbao kuliko mafundi wengi tunaowalipa. Na Tanzania, bonde la Issa, walichukua sampuli kwenye vitanda vya sokwe 2018 wakakuta bakteria wanaotoka kwenye mwili wa mlalaji ni wachache mno kuliko kwenye vitanda vyetu sisi watu, sababu shuka lake ni la jana na kesho halipo. Nilimtafsiria Mama hilo, akasema kumbe ndo maana hawana kunguni.

Tukawasikia kabla ya kuwaona. Ile sauti inaanza chini, hu, hu, hu, inapanda mpaka wote wanapiga mayowe na mmoja anapiga mizizi mikubwa ya mti kwa miguu kama ngoma, du du du, inakuingia kifuani. Kisha wakawa tu pale. Dume mmoja amelala chali anajikuna tumbo. Jike mmoja na mtoto wake juu yetu kwenye mti wa tini anakula matunda na maganda yanatudondokea. Wale wageni walikuwa wanapiga picha bila kupumua, mimi nilipiga kidogo nikaacha, nikawa namuangalia Mama. Alikuwa ameegemea fimbo, barakoa imemshuka puani afande akamkumbusha akaipandisha, na alikuwa anamuangalia yule jike. Yule mtoto alikuwa anajaribu kuvuta tawi la mama yake na mama yake anamrudisha mkono bila hata kumtazama. Mama akaninong'oneza, "Huyo hajalala. Angalia macho." Nikaangalia. Kweli yalikuwa macho ya mtu aliyekesha na mtoto.

Tukirudi Mama akamhoji afande mambo ya mpaka, sio ya sokwe. Akamuuliza zile pesa za wageni kijiji kinaona nini. Afande akamueleza kwamba sheria inatenga asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi kwa jamii zinazopakana, na kwamba sehemu nyingine wamechimba mitaro tembo wasivuke na sehemu nyingine wameweka mizinga ya nyuki kwenye mpaka kwa kuwa tembo anaogopa nyuki. Mama akauliza mtaro ukijaa udongo nani anauzoa. Afande akasema hapo ndo penye kazi, Mama. Nilimpenda kwa hilo jibu.

Kama unataka kwenda, maneno machache ya haraka. Miezi mikavu ni Juni mpaka Agosti na Desemba mpaka Februari, sisi tulienda Oktoba tukanyeshewa kila siku ingawa msitu ulikuwa mzuri mno. Vaa gambuti na soksi ndefu uchomekee suruali ndani. Beba sweta, usiku ni baridi kweli. Beba tochi ya kichwani sio ya simu. Karibu na Kanyanchu kuna kinamasi cha Magombe pale Bigodi, kinaendeshwa na wanakijiji wenyewe tangu miaka ya tisini mwanzoni, pesa inakwenda kwenye shule na miradi yao, tulitembea pale kwa saa tatu na tukala karo (ugali wa ulezi) na firinda (maharage yaliyomenywa) kwa mama mmoja, na kwa maoni yangu usipoenda Bigodi umeona nusu. Kama unaogopa urefu waambie mapema, kuna nyumba za chini pia na hakuna aibu.

Usiku wa mwisho nililala kama gogo kwa uchovu. Saa nane nikashtuka, kitanda cha Mama kitupu. Alikuwa amekaa kwenye veranda, shuka mabegani, taa amezima. Akaniwekea kidole mdomoni. Nikakaa pembeni yake, mwanzoni sikusikia kitu, halafu nikasikia chini kabisa kwenye giza, tap. Kimya. Tap, tap. Na harufu ikaja, kama zizi na majani yaliyosagwa. Walikuwa wengi, sikuweza kuwahesabu, unaona tu giza zito linapita mbele ya giza jingine, na mdogo mmoja analalamika akaguswa na mkubwa akanyamaza. Walipita karibu na nguzo zetu. Nilikuwa nalia na sijui kwa nini hasa. Mama mkono wake ulikuwa umeshika kile kindoo cha maji ya kuoga, amekikamata vizuri kwa ukingo, na hakukipiga.

Walipomalizika kupita alikaa kama dakika mbili anasikiliza upande waliokwenda. Kisha akaniambia nipe simu. Nikamwambia Mama ni saa nane na nusu usiku. Nipe simu, wapi inashika? Nikamsimamisha kona ya kulia, karibu na nguzo, nikampigia mjomba, yule mdogo wake, bado anakaa kijijini kule kule kwenye mpaka. Iliita mara moja tu akapokea.

"Wamepita hapa sasa hivi," Mama akasema, "wengi, wana mtoto, wanakuja upande wenu. Waamshe vijana."

Mjomba hakuuliza yuko wapi wala amejuaje. Nilimsikia vizuri, sauti ya mtu asiyetoka usingizini.

"Niko juu tangu jioni," akasema. "Debe ninalo."